Majaribio ya sayansi jikoni

Majaribio ya sayansi jikoni ni uchunguzi mdogo ambao mtoto huufanya, akisimamiwa na mtu mzima, kwa vitu vya mapishi ya kila siku: maji, chumvi, limau, magadi, mayai. Jaribio huwa sayansi pale mtoto anapokisia kwanza, akatazama, kisha akalinganisha. Yai bichi huzama katika maji ya Ziwa Victoria. Chumvi ikikorogwa humo kijiko baada ya kijiko, maji huzidi yai kwa uzito wa ujazo uleule, nalo hupanda juu. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba yai huelea amepokea habari. Aliyekisia kuwa litabaki chini, akaliona likipanda, amejua kwamba hata wazo lake hupimwa. Juisi ya choya nayo hukolea wekundu kwa limau, na kwa magadi huelekea buluu au kijani.

Mkoani Mara sufuria ya maji yenyewe ni hoja. Watoto hukariri kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kipimo hicho ni cha kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, kanieneo imepungua, hivyo maji ya Musoma na Bunda huchemka karibu na nyuzi 96. Ya Butiama, iliyo juu zaidi, huchemka chini kidogo ya hapo. Kipimajoto kiwe cha maabara, kishikwe na mtu mzima, na watoto wakae mbali na moto. Cha homa hakifai kabisa.

Wapo wanaosema huku ni kuchezea chakula, na kwa nyumba inayonunua yai moja moja neno hilo lina uzito. Lakini yai lile huchemshwa katika maji yake ya chumvi likaliwa, na choya ya kutiwa magadi yatosha kijiko kimoja, iliyobaki ikanywewa. Pingamizi zito zaidi ni la mzazi asiye na majibu, lakini kukosa jibu hakuzuii jaribio. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya mwingine uliokuwa baridi. Mwalimu alimkatalia. Baadaye, akiwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ambaye hakuwa na jibu ila alikubali swali lipimwe. Wakachapisha pamoja mwaka 1969. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu, na wengine kama jambo lenyewe hutokea. Mzazi wa Musoma mwenye friji anaweza kuweka vikombe viwili vinavyolingana, maji moto na maji baridi, na kumwachia mtoto aandike kilichotangulia kuganda.