Mwanafunzi wa Uuguzi Wodini: Mwanagenzi au Mtumishi wa Bure?

Mafunzo ya uuguzi wa kisasa yalikulia wodini. Mwaka 1860, shule ya Florence Nightingale ilipofunguliwa katika Hospitali ya St Thomas jijini London, mwanafunzi alijifunza kwa kufanya kazi, na hospitali nayo ikamtegemea kama nguvukazi. Mtindo huo ulienea hadi nchi zilizotawaliwa na Waingereza, Tanganyika ikiwamo. Hospitali ilipata mikono, mwanafunzi akapata ujuzi, na mpaka baina ya hayo mawili haukuwa wazi.

Mkoani Mara historia hiyo ina nyayo zake. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934. Huduma yao ya tiba ikakua na kuwa hospitali, kisha pakawa na chuo cha uuguzi. Mjini Musoma, ujenzi wa hospitali ya Kwangwa ulioanza miaka ya 1970 ulikwama kwa miongo kadhaa, ndipo ukafufuliwa na hospitali ikapewa jina la Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Lakini jengo halimhudumii mgonjwa. Pale wauguzi wanapokuwa wachache, wodi hushawishika kumwona mwanafunzi kuwa ndiye jibu.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka muuguzi asajiliwe na awe na leseni. Mwanafunzi bado hajafika hapo. Afanyalo hulifanya chini ya usimamizi. Huu ndio uwe msingi wa maandalizi yake. Sare, saa yenye mshale wa sekunde, daftari la mazoezi na chanjo ya homa ya ini B ni muhimu. Hata hivyo, kijana anayetoka Iringo, Bunda au Butiama aingie wodini akijua pia ni kazi zipi amezifanyia mazoezi chuoni, zipi hajawahi kuzigusa, na ni nani atakayemsimamia kila zamu. Kusema "hili sijafundishwa" si utovu wa nidhamu. Ni kumlinda mgonjwa.

Maandalizi hayo hayamhusu mwanafunzi peke yake. Chuo kinachopeleka wanafunzi bila mkufunzi wa kuwafuatilia, na hospitali inayowapanga zamu ili kuziba pengo la watumishi, vinarudisha utaratibu wa karne ya 19. Pengo la ajira dawa yake ni ajira; mwanafunzi aachwe ajifunze.