Wapagazi wa Machakos waliopotelea kwenye kalamu ya karani

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo ambalo familia nyingi za Ukambani zilikuwa zikilijua tangu zamani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Uingereza iliomba radhi. Tangu hapo, mjukuu wa Mkamba anayemtafuta babu yake aliyeenda vitani kama mpagazi na asirudi ana haki ya kuuliza: jina lake liko wapi?

Machakos ingepaswa kulielewa swali hilo kuliko mji wowote, kwa sababu nao umebeba jina lililoandikwa visivyo. Boma la kampuni ya Kiingereza lilijengwa hapa mwaka 1889, katika nchi ya Masaku wa Munyati, mwaguzi wa Wakamba. Wageni hawakuliweza jina lake, wakaandika Machakos, na hadi leo ndivyo ramani zinavyosema. John Ainsworth alitawala kutoka hapa kuanzia 1892. Mwaka 1899 makao yakahamishiwa Nairobi, nayo reli ikaupita mji kando. Masaku alikuwa mashuhuri, kwa hiyo kosa la tahajia halikumfuta. Mpagazi hakuwa na kinga hiyo.

Mwaka 1917 Ainsworth huyo huyo aliteuliwa kusimamia uandikishaji wa wapagazi, na machifu wakaamriwa kutoa vijana. Chukua mfano wa kijana wa Iveti aitwaye Kyalo wa Musyoka. Karani asiyejua Kikamba anasikia Chalo, anaandika Chalo Mushoka. Kambini karani mwingine anaandika Kialo Musioka. Akirudi salama na kubatizwa, anakuwa Johana. Akifa kwa kuhara damu, ugonjwa uliowaua wapagazi wengi kuliko risasi, ofisi inabaki na watu wawili wa makaratasi ambao hakuna mama aliyewazaa.

Hapo ndipo ugomvi wa Oscar Watkins unapoingia, na mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyekiandikia kitabu kikosi cha wapagazi, ameueleza vizuri. Watkins alikuwa afisa wa serikali aliyepewa kuongoza kikosi hicho. Aliwapigania wapagazi wapate chakula kilichopikwa vyema na matibabu, na mara nyingi wanajeshi waliokuwa na haraka ya kusonga mbele hawakumsikiliza. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu ilikuwa haijachukuliwa, maana wenyewe au warithi wao hawakupatikana. Watkins alishikilia kwamba fedha hizo ni za Waafrika: kama warithi hawajulikani, basi zitumike kwa manufaa ya watu waliowatoa vijana. Serikali ya Uingereza ilikataa. Barua zilikwenda na kurudi kwa miaka, na fedha hazikuja.

Nasema wazi kwamba huo ulikuwa wizi. Serikali haikushindwa kumpata kijana huyo ilipomtaka abebe mzigo. Ilimpata kwa jina hilo hilo, kwa chifu wake, nyumbani kwao. Ilishindwa kumpata baba yake tu, siku ya kulipa. Kisha mwaka 1920 ikaanza kuwavisha wanaume kipande shingoni, chenye alama za vidole, ili pasiwe na mfanyakazi atakayepotea.

Anayefungua majalada ya zamani leo katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi asitafute Machakos peke yake. Wilaya iliitwa pia Ulu, na Makueni yote ilikuwa ndani ya Machakos hadi 1992. Wala asidhani jina la mwisho ni jina la ukoo. Kwa desturi ya Wakamba, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba: Musyoka alimzaa Kyalo, Kyalo akamzaa Musyoka, naye akamzaa Kyalo mwingine. Babu na mjukuu hugeuka mtu mmoja machoni pa msomaji mgeni.

Kilicho imara ni mbaĩ, yaani ukoo. Mtafiti Msweidi Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani miaka ya 1910 hadi 1912, aliandika kuhusu alama za mbaĩ zilizochorwa kwenye mishale na mizinga ya nyuki. Mtu akitaja mbaĩ yake, kijiji chake na jina la baba yake, wazee humtambua hata karani akiwa amemwandika vipi.

Sanamu ya askari na mpagazi imesimama Nairobi, barabara ya Kenyatta, tangu 1928, bila jina hata moja. Serikali ya kitaifa ina machifu na manaibu wao katika kila lokesheni ya Machakos. Iwatume wakusanye majina ya wapagazi kutoka kwa wazee waliobaki, pamoja na mbaĩ na kijiji, na orodha hiyo ipelekwe kwenye Tume. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayemjua mpagazi wenu, mwandike mwaka huu, kwa tahajia anayoitamka yeye.