Uwiano wa mkato: lenzi ileile, vihisi viwili

Mpiga picha mwenye kamera ya kihisi kidogo akiongeza bodi ya fulfremu, jambo la kwanza analotaka kujua ni lenzi zipi abaki nazo na zipi anunue. Jibu lipo, wala si gumu, ila limefunikwa na maneno. Ataambiwa dukani kwamba "lenzi ya 50 kwenye krop inakuwa 75", krop ikiwa ni hicho kihisi kidogo, na maneno hayo yamerudiwa mara nyingi kiasi kwamba watu wanayachukua kama kanuni ya fizikia. Lenzi haiwi 75. Lenzi ya milimita 50 ni ya milimita 50 ikifungwa kwenye kamera yoyote, kwa sababu urefu wa fokasi ni sifa ya vioo vyake, na vioo havijui nyuma yao kuna kihisi gani. Kinachobadilika ni sehemu ya taswira ambayo kihisi kinaidaka. Nalisisitiza hili mapema kwa sababu nimeona vijana wenye bidii wakitumia akiba yao yote kununua lenzi wasiyoihitaji, na chanzo ni istilahi mbaya.

Lenzi humwaga nyuma yake duara la taswira. Ndani ya duara hilo kihisi hukata mstatili wake. Kihisi cha fulfremu kina milimita 36 kwa 24. Kihisi kidogo cha Nikon, kile cha kamera za DX, kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na cha Canon ni kidogo zaidi, takriban 22.3 kwa 14.9. Chukua khanga: kihisi kikubwa hudaka mji na pindo lake, kihisi kidogo hudaka mji peke yake. Mji haukukua wala haukusogea karibu. Unaonekana mkubwa kwa sababu picha zote mbili hatimaye hutazamwa kwa ukubwa mmoja, kwenye kioo cha simu au kwenye albamu ya harusi, kwa hiyo kile kipande cha katikati hutandazwa mpaka kijaze nafasi nzima.

Ukigawa ulalo wa kihisi kikubwa, yaani milimita 43.3, kwa ulalo wa kile cha DX, ambao ni kama milimita 28.2, unapata takriban 1.5. Kwa Canon ni 1.6. Kwa kamera za Micro Four Thirds ni 2. Namba hii ndiyo inayotuhangaisha, na ndiyo inayohitaji jina.

Wengi huiita kizidishi. Silipendi jina hilo kwa sababu linaahidi ongezeko: lenzi yangu imezidishwa, basi nimepata milimita za bure. Hakuna cha bure hapo, kuna pindo lililoachwa nje. Ninapendekeza uwiano wa mkato. Uwiano, kwa kuwa ni namba inayolinganisha vihisi viwili. Mkato, kwa kuwa kilichofanyika ni kukata. Mtu akisikia "kamera hii ina uwiano wa mkato wa 1.5" anajua papo hapo kwamba kuna kitu kimepunguzwa, na atauliza kimepunguzwa kutoka wapi. Tafsiri za mashine nazo zina hatari yake, maana neno la Kiingereza la kukata picha linaandikwa sawa na lile la mazao ya shambani, na kihisi cha mazao hakimsaidii mtu yeyote.

Maneno mawili jirani yanastahili uangalifu uleule. Sensa tumeshaipa kazi ya kuhesabu watu na makazi, kwa hiyo kihisi ni bora. Na fulfremu, ninapoandika kwa utulivu, naiita fremu nzima badala ya fremu kamili. Kamili hudokeza kwamba kamera nyingine ina upungufu, na mtu anayetafuta riziki kwa kamera ya DX anaanza kujiona hajatimia. Nzima inasema tu kwamba fremu haikukatwa.

Fremu ipi hiyo? Ile ya filamu. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alichukua filamu ya sinema ya milimita 35, ambayo picha zake zilikuwa za milimita 18 kwa 24, akailaza na kuunganisha nafasi mbili ziwe moja: 24 kwa 36. Kamera iliyotokana na kazi hiyo, Leica, ilionyeshwa Leipzig mwaka 1925, na vipimo vile vikawa desturi ya dunia. Kamera za kidijitali zilipokuja, kutengeneza kihisi cha ukubwa huo kulikuwa ghali mno. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na kihisi kidogo. Canon ilitoa EOS-1Ds ya fremu nzima mwaka 2002, na Nikon ikasubiri hadi D3 ya mwaka 2007.

Historia hii ina maana kubwa zaidi kwa anayechagua lenzi leo kuliko inavyodhaniwa. Uwiano wa mkato ulibuniwa kwa ajili ya watu waliotoka kwenye filamu. Walikuwa na lenzi zao, wanazijua kwa mazoea, na ghafla lenzi pana ya 24 ikawa inaona ufinyu. Namba 1.5 iliwasaidia kutafsiri mazoea yao ya zamani. Lakini mpiga picha wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeanza na kamera ya DX na lenzi yake ya 18–55 hana mazoea ya filamu. Mazoea yake yote yamejengwa kwenye kihisi kidogo. Akiambiwa "50 yako ni 75" haambiwi kitu, kwa sababu 75 haijawahi kuwa na sura machoni pake. Yeye anahitaji hesabu ya kwenda mbele: chukua urefu wa fokasi unaoupenda kwenye krop, uzidishe kwa 1.5, na hiyo ndiyo lenzi ya kutafuta kwa ajili ya bodi mpya.

Tuchukue seti inayoeleweka. Mtu ana Nikon D7200, zumu ya 18–140 ya DX, lenzi ya 35 f/1.8 ya DX na 50 f/1.8 ya fremu nzima. Ananunua D750 iliyotumika. Kazi yake ni sendofu na harusi, na mara kwa mara wageni wa utalii.

Lenzi ya 35 ndiyo iliyokuwa jicho lake la kila siku. Kwenye D750 jicho hilo sasa ni la 50, na tayari analo mfukoni. Hapa hanunui kitu. Lenzi ya 50, ambayo kwenye D7200 alimpigia bibi harusi picha za uso, ndiyo inayomponyoka. Akiifunga kwenye bodi mpya na kusimama mita tatu kama alivyozoea, uso unaonekana mdogo. Atasogea hadi mita mbili ili ujae kama zamani, na hapo sura inabadilika: pua inajitokeza, masikio yanarudi nyuma. Lenzi haina kosa. Umbo la uso kwenye picha hutokana na umbali wa mpigaji, na umbali ndio uliopungua. Anachohitaji ni kubaki mita tatu na kufunga 85. Kwa mpiga picha wa harusi, hiyo 85 f/1.8 ndiyo lenzi ya kwanza ya kununua, kabla ya zumu yoyote.

Tena 85 kwenye fremu nzima itampa kitu ambacho 50 kwenye krop haikumpa. Uwiano wa mkato hugusa pia kina cha ukali, yaani ile sehemu ya picha inayoonekana kali mbele na nyuma ya jicho la mtu. Lenzi ya 50 kwenye f/1.8 kwenye kihisi cha DX hutoa picha inayofanana na ya 75 kwenye takriban f/2.7 kwenye fremu nzima. Kwa hiyo 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8 itaiyeyusha mikunjo ya pazia na taa za ukumbi nyuma ya maharusi kwa namna ambayo hakuwahi kuipata.

Watu huchanganya jambo hili na mwanga, na ni vizuri tulitenganishe. Tundu la f/1.8 ni f/1.8 kwa mwangaza wa picha kwenye bodi zote mbili: ukiweka ISO ileile na mwendo uleule wa shuta, picha zitang'aa sawasawa. Tofauti ni kwamba kihisi kikubwa kina eneo la takriban mara 2.35, kwa hiyo kinakusanya mwanga mwingi zaidi kwa jumla, na chembechembe za ISO ya juu hupungua kwa zaidi kidogo ya hatua moja. Ukumbini saa nne za usiku, taa zikiwa za rangi na mshereheshaji amezima zile nyeupe, hatua hiyo moja inaonekana wazi.

Upande wa lenzi pana ndiko kwenye gharama halisi. Lenzi za DX zimetengenezwa kumwaga duara dogo la taswira. Ukifunga 18–140 kwenye D750, kamera inaitambua na kujikata yenyewe hadi eneo la DX, na megapikseli 24 zinashuka hadi 10 na kidogo. Inatosha kwa picha za mtandaoni na chapa za wastani, lakini hakuna aliyenunua fremu nzima kwa ajili hiyo. Ukizima mkato wa kiotomatiki utaona pembe nyeusi. Kwa watumiaji wa Canon wa kizazi cha kamera zenye kioo cha kuakisi hali ni ngumu zaidi, kwani lenzi za EF-S hazifungi kabisa kwenye bodi za fremu nzima. Alama ya mraba mweupe kwenye lenzi ndiyo dalili. Nukta nyekundu ndiyo inayofunga kotekote. Mifumo mipya isiyo na kioo hicho, Nikon Z, Canon RF na Sony E, inaruhusu lenzi ndogo zifunge kisha inakata yenyewe.

Anayepiga picha kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ambako ukuta wa nyumba ya pili uko mgongoni kwako, hawezi kurudi nyuma. Upana alioupata kwa 16 kwenye krop sasa unataka 24. Ninashauri lenzi moja ya 24 isiyo na zumu, au zumu ya 24–120 f/4 kwa anayefanya kazi mchanganyiko. Zumu ya 24–70 f/2.8 ni nzuri sana, lakini ni nzito na bei yake inaweza kununua 24 na 85 kwa pamoja.

Kwa lenzi ndefu ushauri wangu unageuka: usiuze D7200. Ndani ya kreta ya Ngorongoro gari haliruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo chui akiwa juu ya mgunga wa mbali, miguu haisaidii. Lenzi ya 200–500 ikivutwa hadi 500 kwenye D7200 inaona pembe ambayo fremu nzima ingeipata kwa lenzi ya 750. Unaweza kusema kwamba picha ya D750 inakatwa baadaye kwenye kompyuta ipate pembe hiyohiyo, na ni kweli, ila utabaki na megapikseli 10, ilhali D7200 imeweka 24 ndani ya mstatili uleule. Hapa mkato una faida, na faida hiyo hutokana na msongamano wa pikseli. Ukiwa na D850 yenye megapikseli 45.7, mkato wa DX unakuachia zaidi ya 19, na hoja ya kubeba bodi mbili kwa ajili ya wanyama inapungua nguvu.

Lenzi ya fremu nzima hufanya kazi kwenye bodi zote mbili, ndiyo maana kwa mwenye bodi mbili kila lenzi mpya inafaa iwe ya aina hiyo. Ukiwa na 24, 50 na 85 una pembe sita: zile tatu kwenye D750, na kwenye D7200 zinaonekana kama 36, 75 na takriban 128. Wakati wa kuvishana pete, 50 ikae kwenye fremu nzima begani kulia na 85 kwenye krop begani kushoto. Unapata ukumbi na unapata chozi la mama bila kubadilisha lenzi wala kumsogelea mtu. Kwa sendofu kwenye sebule ndogo ninafanya kinyume: 24 kwenye fremu nzima, 50 kwenye krop.

Lenzi hizi nyingi utazinunua zikiwa zimetumika. Pwani ina unyevu, na kuvu huota katikati ya vioo kama utando wa buibui. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mshazari. Kuvu kidogo pembeni mwa kioo huenda kwenye D7200 usione athari yake, kwa kuwa kihisi kidogo hakitumii ukingo wa taswira, hasa tundu likifungwa. Kwenye fremu nzima pembe za picha zinaweza kulainika. Kwa sababu hiyo lenzi ya mtumba ijaribiwe kwenye bodi kubwa, tundu likiwa wazi, ukilenga ukuta wa matofali, na pembe nne za picha zitazamwe moja moja kabla ya kulipa.