Una rivolva ya zamani? Soma hii kabla hujaibadilisha dukani

Simu yako ikichoka unaipeleka dukani, muuzaji anaigeuzageuza, anakutajia bei, unaongeza hela, unaondoka na nyingine. Marekani bastola nazo huenda hivyo hivyo. Mtu anaingia duka la silaha na rivolva aliyoachiwa na babu yake, anaiweka kwenye kaunta na kuuliza: nikikupa hii, niongeze ngapi nichukue ile pale?

Tofauti ni kwamba simu ya miaka 50 haina bei, na ikianguka haiui mtu. Rivolva ya miaka 50 inaweza kuwa na thamani kuliko mpya, na nyingine ikidondoka inafyatuka yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jua kwanza uliyonayo ni ipi.

Kwa asiyezijua: rivolva ni ile bastola yenye silinda inayozunguka, mara nyingi ina matundu sita ya risasi. Zile nyingine za kisasa risasi zinakaa kwenye magazini ndani ya mpini.

Ikidondoka itafyatuka?

Hili ndilo swali la kwanza, na watu wengi hawaliulizi kabisa.

Kwenye rivolva nyingi za muundo wa zamani, nyundo ikiwa imelala, pini yake inakuwa imegusa fataki ya risasi iliyo mbele yake. Ikianguka ikatua kwa nyundo, pigo linaenda moja kwa moja kwenye risasi. Ndiyo maana wenye Colt Single Action Army, ile ya mwaka 1873 unayoiona kwenye filamu za macowboy, walizoea kuweka risasi tano tu na kuacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Na ile inayotengenezwa kwa muundo ule ule wa zamani bado inabebwa hivyo.

Mfano unaowahusu watu wengi zaidi ni Ruger. Kampuni hiyo ilianza kuuza Single-Six mwaka 1953 na Blackhawk mwaka 1955, na zote zilikuwa na tatizo hilo hilo. Mwaka 1973 ikaja na muundo mpya: ndani kuna kipande cha chuma kinachopokea pigo la nyundo na kulifikisha kwenye pini pale tu kidole kinapokuwa kimevuta kifyatuo mpaka mwisho. Hujavuta, nyundo haifiki popote.

Kuzitofautisha ni rahisi. Angalia ubavuni: ya zamani ina skrubu tatu, mpya ina pini mbili badala yake.

Sasa hapa kuna kitu wenye maduka si lazima wakuambie. Ruger wenyewe hufunga kifaa cha usalama kwenye zile za skrubu tatu bila malipo. Unaituma kiwandani, wanaibadilisha, wanakurudishia pamoja na vipuri vyako vya awali. Yaani kama sababu pekee ya kutaka kuibadilisha ni hofu ya kuanguka, unaweza usihitaji kununua nyingine. Vipuri hivyo vya awali usivitupe. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, na bila vipuri hivyo bei inashuka.

Kama uliinunua mkononi kwa mtu, usidhani ilishabadilishwa. Mpelekee fundi aifungue.

Smith & Wesson wana kisa chao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walitengeneza rivolva iliyoitwa Victory, na zaidi ya nusu milioni zilikwenda Uingereza na majeshi ya nchi za Jumuiya ya Madola. Mwaka 1944 mojawapo ilianguka kwenye sitaha ya meli ya jeshi la majini la Marekani, ikafyatuka na kumuua baharia. Kizuizi cha nyundo kilikuwemo ndani, ila siku hiyo hakikufanya kazi. Kampuni ikabuni kizuizi kipya, na namba za bastola zikaanza na SV badala ya V peke yake. Kwa hiyo mwenye Victory aanze kwa kusoma herufi chini ya mpini. Ukiona V tupu, ichukulie kama ile ya zamani mpaka fundi aseme vinginevyo.

Victory zilizokwenda Uingereza zina mtego wa pili. Zilitengenezwa kwa risasi fupi na nene kidogo, .38 S&W. Baada ya vita nyingi zilirudi Marekani, matundu ya silinda yakachimbwa zaidi ili yapokee .38 Special, ambayo ni ndefu ila nyembamba. Inaingia, ndiyo, lakini inapwaya, na ganda linavimba au kupasuka. Ukiwa na hii na unataka bastola ya kufyatua kila wikiendi, mimi ningebadilisha. Au ningeiweka kama kumbukumbu ya vita na kununua nyingine pembeni.

Ikague mwenyewe

Fungua silinda, toa risasi zote, chungulia kila tundu. Halafu chungulia tena.

Vuta nyundo nyuma polepole. Silinda inatakiwa ijifunge mahali pake kabla au wakati nyundo inafika mwisho. Kama nyundo imefika na silinda bado inaelea, risasi haitakaa sawa na mtutu, na vipande vya risasi vinaweza kukurukia usoni wewe au aliyesimama pembeni yako.

Isukume silinda mbele na nyuma. Kucheza kidogo sana ni kawaida, kucheza kwingi ni uchakavu. Kisha mulika kwa tochi ya simu sehemu ya nyuma ya mtutu, pale risasi inapoingilia. Tafuta ufa. Model 19 ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 1955, inajulikana kwa kupasuka hapo, upande wa chini, kwa waliozoea kuilisha risasi nyepesi za .357 Magnum zenye nguvu kubwa. Zikitumika .38 Special mara nyingi hukaa miaka na miaka.

Silinda kutojifunga vizuri ni kazi ya fundi, inatengenezeka. Ufa kwenye mtutu ni habari nyingine.

Bei: hapa ndipo watu wanalizwa

Mwenye duka anataka kuuza apate faida, kwa hiyo hawezi kukupa bei atakayoiandika kwenye kioo kesho. Hilo si wizi, ni biashara. Tatizo ni pale ambapo wewe hujui ulicholeta.

Chukua Colt Python. Ilitoka mwaka 1955, ikasimama mwaka 2005, ikarudi mwaka 2020 kwa bei ya kiwanda ya dola 1,499. Ile ya zamani iliyotunzwa vizuri mara nyingi huuzwa zaidi ya hapo. Mtu akipeleka Python ya babu, akaongeza pesa juu ili apewe mpya inayong'aa, amelipa ili apate hasara. Hata kama mpya ni imara zaidi, na kwa kweli ni imara, mahesabu hayakubali.

Upande mwingine kuna Model 10 ya kawaida. Ukoo wake unaanzia mwaka 1899 na zimetengenezwa zaidi ya milioni sita. Iliyochakaa haina maajabu sokoni. Hiyo ukipewa bei ya haki, achia.

Usiisugue ing'ae kabla ya kwenda nayo. Rangi ya awali ya chuma, hata ikiwa imefifia, ina bei kuliko iliyopakwa upya. Kama huna haraka, maduka mengi hukubali kukuuzia wakakata kamisheni yao, na kwa kawaida unabaki na zaidi kuliko ukibadilisha papo hapo.

Ukibadilisha, unapata nini?

Kwa mtu anayetoka .38, faida kubwa ni rivolva ya .357 Magnum kama Ruger GP100. Inapiga .357 na inapiga .38 Special pia, hivyo risasi zako za zamani hazitupwi. Kinyume chake hakiwezekani. Na kama ya zamani ni ya miongo mingi nyuma, usiilishe risasi zilizoandikwa +P, hizo zina msukumo mkubwa kuliko za kawaida.

Sheria haijali kama ni kubadilishana

Marekani, bastola unayopewa na duka inahesabika umenunua. Unajaza Fomu 4473, unachunguzwa kwenye mfumo wa FBI, na kwa bastola lazima uwe na miaka 21. Baadhi ya majimbo, California ikiwemo, yanataka hata mauziano ya watu wawili yapitie kwa muuzaji mwenye leseni. Kwa Waswahili wanaoishi kule: mwenye green card anaruhusiwa, ila aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi hata kuimiliki, isipokuwa awe na sababu maalumu kisheria kama leseni ya uwindaji.

Huku kwetu usijaribu mambo ya kupeana mkononi. Kenya kibali kinapitia Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili bastola haihami kutoka kwako kwenda kwa mwingine bila kibali, hata kama ni ndugu yako wa damu na mmekubaliana bei.