Mwendo wa Baiskeli na Vipimo Vyake

Ukisimama Kiirua siku ya soko, msomaji wangu, utawaona vijana wa baiskeli washukao kuelekea Ruiri na magunia ya viazi nyuma yao, na wengine wapandao kutoka huko chini, migongo imeinama na jasho likiwatiririka. Waulize ni nani kati yao aliye hodari kuliko wote. Watakutajia jina bila kusita. Waulize tena wamejuaje, nao watakucheka na kusema, "Sote twamwona." Jibu hilo si baya, lakini lina upungufu mmoja. Macho ya Kiirua hayafiki Nairobi, sembuse Ulaya. Hodari yule aweza kuzeeka akichukua viazi, na asijue hata yeye mwenyewe kwamba ndani ya miguu yake mlikuwa na kitu adimu.

Kwa sababu hiyo nimependa kukueleza habari za vipimo vya baiskeli. Kipimo ni shahidi ambaye neno lake husikilizwa mahali ambapo mwenyewe hajafika.

Shahidi wa kwanza alikuwa saa. Mwezi wa Mei mwaka 1893, katika uwanja wa Buffalo mjini Paris, kijana aitwaye Henri Desgrange aliendesha baiskeli kwa muda wa saa moja kamili, akaenda kilomita 35.325. Huyu ndiye aliyeanzisha baadaye, mwaka 1903, mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, Tour de France. Alilolifanya mwaka 1893 lilikuwa jambo jepesi kueleweka: mtu mmoja, njia moja ya mviringo, saa moja. Tangu siku hiyo, kila ajidhaniaye kuwa bingwa aliweza kushindana na mtu aliye mbali naye, hata na mtu aliyekwisha kufa.

Jambo hilo lilipata uzito wake wote mwaka 1972, alipokwenda Mexico City Eddy Merckx wa Ubelgiji. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Nawe uliyesoma fizikia wajua kwamba adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare ni hewa: ukitaka kuongeza mwendo wako mara mbili, nguvu unayohitaji ili kuishinda hewa huongezeka mara nane. Merckx alikwenda kilomita 49.431, kisha akashuka akisema kwamba hataki kujaribu tena jambo kama lile. Miaka 12 baadaye, mwezi wa Januari 1984, Mwitalia Francesco Moser alifika mji ule ule na magurudumu yaliyozibwa kama sahani, pamoja na wataalamu waliokuwa wakichunguza mapigo ya moyo wake, akapita kilomita 51. Hapo ndipo vyombo vilipoanza kutamba. Kila bingwa alikuja na baiskeli ya ajabu kuliko ya mwenzake, na Mwingereza Chris Boardman akafika kilomita 56.375 mwaka 1996.

Wakubwa wa mchezo wakajiuliza: ni mtu anayeongeza mwendo, au ni chombo? Mwaka 2000 wakaamua kwamba anayeitaka rekodi ya saa sharti atumie baiskeli ya umbo lile lile alilotumia Merckx. Boardman akakubali. Akapanda baiskeli hiyo katika uwanja wa Manchester mwezi wa Oktoba mwaka huo, akaendesha saa nzima, na aliposhuka alikuwa amekwenda kilomita 49.441.

Tafadhali uitazame tena namba hiyo. Amemzidi Merckx kwa mita 10, urefu wa darasa. Miaka 28 ya elimu, mashine na madaktari ilikuwa imenunua mita 10 tu. Kweli, Merckx alisaidiwa na hewa nyepesi ya Mexico naye Boardman hakuwa nayo, kwa hiyo si haki kusema kwamba wanadamu hawakuendelea hata kidogo. Lakini mimi kila nikisikia mtu akijisifia kifaa kipya hukumbuka zile mita 10.

Wakati mambo hayo yakitendeka viwanjani, mashahidi wengine wawili walikuwa wakizaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi wa Ufini walitengeneza mkanda wa kifuani uwezao kupeleka hesabu ya mapigo ya moyo kwenye saa ya mkononi bila waya. Na mwaka 1986 Mjerumani aitwaye Ulrich Schoberer alibuni kipima-nguvu. Kazi yake ni hii: mguu ukikanyaga pedali, chuma kinachoshika pedali hujipinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Schoberer alitia ndani yake vipande viwezavyo kuhisi mpindo huo kwa umeme, akazidisha nguvu ya mkanyago kwa mwendo wa mzunguko, akapata wati. Moyo hudanganya; huenda mbio kwa hofu, kwa joto, au kwa kahawa. Wati haijui hofu. Wati 200 za Kiirua ni wati 200 za Paris.

Sasa nikurudishe nyumbani. Mwaka 1985 alizaliwa Nairobi mtoto aitwaye Christopher Froome. Alipokuwa kijana alifunzwa baiskeli na Mkenya David Kinjah, karibu na Kikuyu, akipanda na kushuka milima pamoja na vijana wa huko. Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Duniani hakuna aliyemtazama sana. Julai 2007 alipimwa huko Lausanne, Uswisi: alikuwa na uzito wa kilo 75.6, na nguvu aliyoweza kuistahimili kwa muda mrefu ilikuwa wati 420. Kijana ambaye karibu hakuna aliyemjua alikuwa na injini ya bingwa, na karatasi moja ndiyo iliyolijua hilo.

Lakini karatasi haiendeshi baiskeli. Alikuwa bado mnene kidogo kwa kazi ya milimani, na baadaye ikagunduliwa kwamba ana kichocho, ule ugonjwa unaotujia kwa maji ya konokono, ambao watoto wetu wengi wanao bila kupimwa. Mwaka 2013, akiiendeshea Uingereza, alishinda Tour de France, kisha akaishinda tena mwaka 2015, 2016 na 2017. Watu walimzoea akiwa ameinamisha kichwa, akikitazama kipima-nguvu chake, akiacha wenzake wamtangulie kisha akiwafikia polepole kama mtu anayelipa deni kwa awamu. Wengine walimchukia kwa hilo. Walisema si mtu, ni mashine. Wengine wakasema ni mdanganyifu, kwa kuwa mchezo huu umewahi kuchafuliwa na madawa. Katika mashindano ya mwaka 2015 alisema kwamba mtazamaji mmoja alimrushia mkojo.

Je, ungelifanya nini mahali pake? Yeye alikwenda kupimwa London mwezi wa Agosti mwaka huo huo, matokeo yakatangazwa. Wati 419, uzito kilo 69.9. Gawanya mwenyewe. Mwaka 2007 alikuwa na wati 5.56 kwa kila kilo ya mwili. Mwaka 2015 karibu 6. Nguvu ilikuwa ile ile, mzigo ndio uliopungua. Wako waliosadiki na wako waliokataa, maana namba yaweza kueleza jambo lilivyo, lakini haiwezi kumlazimisha mtu akubali.

Wengine hawakupata hata nafasi ya kutiliwa shaka. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpiga picha wa Singapore, aliwapeleka vijana wawili wa Kenya katika mlima wa Alpe d'Huez, wenye kona 21, ambao huonekana mara nyingi katika Tour de France. Mmoja wao alikuwa mpiga rangi viatu. Aliupanda kwa dakika 42 hivi, na mabingwa hutumia chini ya 40. Dakika hizo zilizungumza ng'ambo kuliko barua mia za sifa.

Na siku hizi mwenye elimu aweza hata kumshinda mwenye misuli, walau kwa kitambo. Agosti 2022 rekodi ya saa ilichukuliwa na mhandisi Dan Bigham, kilomita 55.548, kwa kujua hewa inapitaje mgongoni na mikononi mwake. Mwezi wa Oktoba Filippo Ganna wa Italia, ambaye Bigham alikuwa mmoja wa wahandisi wake, akampita kwa kilomita 56.792. Mwalimu kumtayarisha mwanafunzi atakayemshinda: kazi hiyo sisi twaijua.

Huenda wewe wasema, "Mimi nitakipata wapi chombo cha Schoberer?" Bei yake kweli yaweza kupita bei ya ng'ombe. Lakini unacho chombo kingine, nacho ni mlima. Tafuta mwinuko usiokatika, na katika ramani yenye mistari ya kimo, kama zile za somo la jiografia, uone ni mita ngapi toka chini hata juu. Jipime uzito pamoja na baiskeli yako. Tuseme kilo 75, mlima mita 200, nawe umeupanda kwa dakika 12, yaani sekunde 720. Zidisha 75 kwa 9.8 kwa 200, gawanya kwa 720. Utapata wati 204, bila kuhesabu upepo na msuguano wa magurudumu. Ikiwa mwili wako peke yake ni kilo 60, una wati 3.4 kwa kila kilo. Siku nyingine upande mlima huo huo, uandike tena. Asubuhi, kabla hujaondoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili shingoni, nayo uyaandike. Yakizidi desturi yako, mwili umechoka au una homa, usipande.

Mimi niliwahi kununua saa ya bei nafuu isemayo mapigo. Wanafunzi wangu chuoni waliifunga kwenye ndizi, nayo ikahesabu moyo wa ndizi, tena mtulivu kuliko wangu. Nikarudi kwenye vidole na daftari. Daftari lenyewe lina kurasa 48, la mistari, na sasa limejaa hadi ukurasa wa 19. Jumamosi ya mwisho niliyoandika, kutoka Ruiri hadi sokoni Kiirua, nilipunguza sekunde 40. Pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Upepo ulikuwa nyuma."