Kioo ghali na sanduku ghali: kipi kinastahili bei yake?

Mada ya leo imenikaa kichwani tangu mwaka jana, na kusema kweli imenikaa machoni pia. Kazi yangu ni kuandika programu, na naifanyia nyumbani, Mji wa Kale, Mombasa, ghorofani karibu na dirisha. Skrini niliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi 27, nukta 1920 kwa 1080, niliyoinunua mtumba nikiwa chuoni. Ikifika alasiri macho yanawasha, ikifika magharibi kichwa kinagonga. Basi nikaanza kuweka akiba. Ilipofika kama shilingi 240,000 nikajikuta na mambo mawili mezani: skrini ya Apple iitwayo Studio Display, au mchango wangu wa kutengeneza ukuta wa nyumba ya bibi, ambao umeanza kumeguka.

Nikamwendea ami yangu kumweleza.

"Ami, ni ghali, lakini ni kitu cha kudumu."

"Sawa mwanangu. Lakini niambie, hicho ni cha kufanyia kazi au ni cha kuweka kwenye kidaka?"

Kwa wasiojua, vidaka ni vile vishubaka vilivyochongwa ndani ya kuta za nyumba za mawe za Waswahili. Matajiri wa pwani walipanga humo sahani na mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Ukiingia makumbusho ya Fort Jesus utaziona kaure za aina hiyo. Ile sahani haikuwekwa pale ili mtu aile wali. Iliwekwa mgeni aione, ajue mwenye nyumba ana mkono mrefu ng'ambo ya bahari. Swali la ami likanishika. Nikaamua kabla ya kutoa pesa nirudi kwenye historia: kompyuta na skrini ghali zilizopita, zilimlipa nani?

1. Sanduku lililozikwa

Tuanze na mwaka 1983. Apple walitoa kompyuta ya Lisa kwa dola 9,995. Ilikuwa na madirisha, ikoni na kipanya wakati wengi wetu duniani hatujawahi hata kusikia mambo hayo. Mwaka uliofuata, Januari 1984, kampuni hiyo hiyo ikatoa Macintosh kwa dola 2,495. Fikiria aliyenunua Lisa mwaka mmoja tu nyuma! Lisa haikuuzika, ikasimamishwa, na mwaka 1989 takriban Lisa 2,700 zilizobaki zilifukiwa katika jaa la taka huko Logan, Utah. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lisa haikuwa mbaya, lakini bei yake ilishindwa kusubiri pamoja na wanunuzi.

2. Kioo kilichotangulia wakati wake

Mwaka 2001 IBM walitoa skrini iitwayo T221. Inchi 22, nukta 3840 kwa 2400, yaani zaidi ya milioni 9. Wakati huo sisi huku tulikuwa na yale maskrini mazito yenye kisogo kama televisheni. Bei yake ilipita dola 10,000, na wanunuzi wake walikuwa maabara za utafiti na watu wa picha za hospitali. Kwao ilikuwa na maana: daktari asipoona doa dogo kwenye picha, hasara yake si pesa.

Lakini tazama kilichofuata. Januari 2014 Dell walitangaza skrini ya inchi 28 yenye nukta 3840 kwa 2160 kwa dola 699. Miaka 13 tu! Ni kweli ile ya Dell ilikuwa na upungufu wake, picha ilibadilika mara 30 tu kwa sekunde na kipanya kilionekana kama kinatembea kwenye uji. Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguka. Somo nililolipata hapa ni kwamba ukinunua kitu cha kwanza kabisa sokoni, sehemu kubwa ya bei ni ada ya kutangulia. Kama kazi yako hailipwi kwa kutangulia, subiri.

3. Ndugu wawili waliozaliwa siku moja

Huu ndio mfano ulionifungua macho. Juni 2019 Apple walitangaza vitu viwili kwa pamoja. Kimoja ni sanduku, Mac Pro, kuanzia dola 5,999. Cha pili ni kioo, Pro Display XDR, dola 4,999, na kiguu chake cha kusimamia kikauzwa peke yake kwa dola 999. Ukumbi wenyewe uliguna ziliposikika hizo dola 999.

Mac Pro ikaanza kuuzwa Desemba 2019. Novemba 2020, hata mwaka haujaisha, Apple hao hao wakatoa Mac mini yenye chipu ya M1 kwa dola 699. Katika kazi zinazotumia kiini kimoja cha prosesa, kale kasanduku kadogo kakaipita Mac Pro. Hapo ndipo utajua maana ya kuzeeka ungali kijana.

Na kile kioo je? Miaka mitano baadaye bado kilikuwa kinauzwa na bado watu wa filamu walikuwa wakikitumia. Tena wao walikiona rahisi, kwa sababu skrini ya Sony ya kupimia rangi ambayo Apple walijilinganisha nayo siku ile ilikuwa ya dola 43,000.

Ndugu wawili, siku moja, bei zinazokaribiana. Mmoja alizeeka haraka, mwingine akadumu. Prosesa hukimbizana kila mwaka, lakini jicho la binadamu halibadilishi toleo. Ndiyo maana kioo kizuri hukaa, na sanduku huzeeka.

4. Ndoa ya kioo na sanduku

Kuna hatari nyingine, nayo ni pale vitu hivi viwili vinapofungwa pamoja. Mwaka 2014 Apple walitoa iMac ya inchi 27 yenye nukta 5120 kwa 2880, dola 2,499. Kioo kile ni kitamu hata leo. Lakini toleo la mwisho la mfumo wa Apple linalokubali kwenye iMac hiyo ni Big Sur la mwaka 2020, na huwezi kuchomeka kompyuta nyingine ukaitumia kama skrini ya kawaida. Kwa hiyo ubongo ukichoka, jicho zima nalo linazikwa. Ukinunua, nunua mbalimbali.

Studio Display yenyewe, iliyotoka Machi 2022 kwa dola 1,599, ni kioo cha peke yake, lakini ndani ina prosesa ya A13, ile ya iPhone 11, na ina feni. Ukikaa Mji wa Kale unajua hewa ya bahari inavyokula chuma. Kila feni ni pua inayovuta chumvi.

5. Hesabu ya Mombasa

Hapa kwetu kuna mambo ambayo mwandishi wa Marekani hayaoni.

Kwanza, kazi yenyewe. Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, na Julai mwaka huo huo SEACOM ikaanza kufanya kazi. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Sikujua kwamba zile waya zilizopita chini ya bahari ndizo zingeniwezesha kukaa Mji wa Kale nikafanyia kazi watu wa mbali. Tangu hapo skrini kwetu imekuwa jembe. Jembe halinunuliwi kwa urembo, lakini pia mkulima halimi kwa kijiko.

Pili, dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi kama 129. Dola 1,599 zikawa zimetoka shilingi 255,840 hadi 206,271. Tofauti ya karibu elfu 50 bila kioo kubadilika hata nukta moja! Halafu kuna VAT ya asilimia 16, iliyorudishwa kwenye kompyuta na sheria ya mwaka 2013. Kwa hiyo 206,271 inakuwa 239,274 kabla hujalipa usafiri.

Tatu, masanduku ya ex-UK. Mombasa ni bandari, na kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya na Dubai zinapatikana: OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre. Ni masanduku magumu, ya chuma, yanafunguka kwa mkono. Tahadhari moja: Windows 10 ilimaliza muda wake Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Ukiuziwa ya kizazi cha 6 kwa bei poa, jiandae kutumia Linux. Mimi natumia Linux, kwa hiyo kwangu hiyo ni neema.

6. Hesabu ya jicho

Sasa tupime badala ya kubishana. Jicho zima la kawaida hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, hiyo ni kama milimita 0.17. Skrini za inchi 27:

- 1920 x 1080: nukta moja ni milimita 0.31
- 3840 x 2160: nukta moja ni milimita 0.16
- 5120 x 2880: nukta moja ni milimita 0.12

Unaona? Skrini yangu ya zamani ilikuwa na nukta karibu mara mbili ya kile jicho linachoweza kutenganisha. Nilikuwa nasoma herufi zenye meno kutwa nzima. Kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili ni ukombozi. Kutoka ya pili kwenda ya tatu ni raha, lakini ni raha ndogo kwa bei kubwa. Watumiaji wa Mac wana hoja yao hapa: tangu toleo la Mojave la 2018 Apple waliacha njia ya zamani ya kulainisha herufi, na 5120 kwa 2880 hugawanyika kwa mbili sawasawa, kwa hiyo kwao maandishi hutulia zaidi. Na mpiga picha au mhariri wa filamu hulipwa kwa rangi sahihi, basi alipe. Mimi nalipwa kwa herufi.

Nilichoamua

Nimenunua skrini ya inchi 27 ya 3840 kwa 2160, mpya, kwa kama robo ya ile akiba. Imeunganishwa na sanduku la ex-UK. Baada ya wiki mbili maumivu ya kichwa ya jioni yalikuwa yamepungua sana. Sisemi ni dawa, nasema kwangu imekuwa hivyo.

Pesa iliyobaki imekwenda ukutani. Fundi aliyepita alitupigia plasta ya saruji kwa sababu ilikuwa rahisi na ya haraka. Kumbe ukuta wa mawe ya matumbawe unapumua, na saruji hufungia unyevu ndani hadi jiwe linaoza. Safari hii tumetumia chokaa, kama walivyofanya waliojenga. Ni ghali zaidi na inachukua muda kukauka, lakini ami anasema ukuta huo utanizika mimi.

Juzi alipanda ghorofani, akaitazama skrini, akasoma mistari miwili bila miwani.

"Hii si ya kidaka," akasema, akashuka kwenda kuwaangalia mafundi.