Kanzidata mbili, nahodha mmoja

Sekunde 43 za kukatika kwa mawasiliano zilitosha, mwezi Oktoba mwaka 2018, kuivuruga kwa zaidi ya saa 24 huduma ya kampuni ya Marekani ya GitHub, ambako mamilioni ya waandishi wa programu za kompyuta huhifadhi kazi zao.

Kumbukumbu za kampuni hiyo zilikuwa katika kanzidata kuu pwani ya mashariki ya Marekani, na nakala zake pwani ya magharibi.

Katika mpango wa namna hiyo, kanzidata kuu pekee ndiyo hupokea mabadiliko. Huyaandika kwa mfuatano katika daftari lake, na nakala hulisoma daftari hilo na kutenda yale yale. Nakala iliyochelewa huendelea kutoka mstari ilipokomea. Hata rekodi inapofutwa, kufutwa huko nako huandikwa, la sivyo nakala ingeendelea kuitunza.

Tarehe 21 Oktoba, wakati kifaa kibovu cha mawasiliano kikibadilishwa, mashariki kulitengwa. Programu ya usimamizi ikateua nakala za magharibi kuwa kuu. Kumbe mashariki kulikuwa kumekwisha andikwa mabadiliko ambayo hayakuwahi kuvuka bara. Katika mojawapo ya kanzidata zenye shughuli nyingi yalikuwa 954. Mawasiliano yaliporejea, magharibi nako kulikuwa na mabadiliko yake. Manahodha walikuwa wawili.

Huenda ikaonekana rahisi kuchukua tu rekodi yenye saa ya karibuni zaidi. Njia hiyo hutumika, lakini saa za kompyuta mbili hazilingani kikamilifu. Tena, mmoja akirekebisha namba ya simu na mwingine anwani katika rekodi ile ile, kazi ya mmoja wao hupotea kimya kimya, na hilo ni baya kuliko huduma kusimama.

GitHub iliamua kusimamisha baadhi ya huduma, ikarejesha kanzidata za mashariki kutoka akiba, ikasubiri zilingane na za magharibi. Mabadiliko yaliyoachwa nje yalihifadhiwa na kuchambuliwa. Mengine watumiaji walikuwa wamekwisha yarudia wenyewe.

Baadaye programu ya usimamizi ilirekebishwa, isiweze tena kuuhamisha ukuu kutoka pwani moja hadi nyingine.